Maneno ya Jukwaani na Mipaka ya Baharini: Maswali Yenu Yajibiwa

Barua za mwezi huu nyingi zimehusu mipaka ya bahari na kauli za viongozi. Tumechagua tano. Majibu yameandaliwa na jopo letu la sheria ya bahari na diplomasia.

Salamu zenu wahariri. Sisi huku Kiunga riziki yetu ni bahari. Tangu kesi ya Kenya na Somalia tunawasikia wakubwa wakiapa kwamba hawataachia hata inchi moja ya nchi. Mahakama imeshaamua. Sasa maneno hayo yanabadilisha nini hasa?
*Mvuvi, Kiunga, Lamu*

Mstari wa mpaka hayausogezi. Yanachobana ni nafasi ya serikali kuzungumza, na hilo si dogo.

Kwanza tazama kilichogombaniwa. Nchi ya pwani ina mamlaka kamili, kama iliyo nayo nchi kavu, hadi maili 12 za baharini kutoka ufukweni, yaani kilomita 22 na ushei. Kutoka hapo hadi maili 200, karibu kilomita 370, ina haki juu ya samaki, mafuta na gesi, lakini meli za mataifa mengine hupita bila kuomba ruhusa na ndege huruka juu yake. Pembetatu waliyogombania Kenya na Somalia ina zaidi ya kilomita za mraba 100,000, na karibu yote iko nje ya zile maili 12. Kwa hiyo mwanasiasa anaposema nchi inamegwa, anazungumzia eneo la haki za uchumi kana kwamba ni shamba la babu yake. Haki za uchumi zinagawanyika: leseni za pamoja, asilimia ya mapato, kampuni moja kuchimba kwa niaba ya pande mbili. Shamba la babu halina asilimia. Kiongozi akishalizoesha taifa lugha hiyo ya pili, mjumbe wake akienda kutafuta asilimia ataitwa msaliti.

Nchini Kenya kuna uzito wa ziada. Ibara ya 255 ya Katiba ya 2010 inataka kura ya maoni kwa marekebisho yanayogusa eneo la nchi. Ukiita bahari ya kiuchumi "eneo la nchi" umefungua hoja kwamba serikali haiwezi kukubali lolote kabla ya wananchi wote kupiga kura. Ndiyo maana tunasisitiza maneno haya mawili yasichanganywe.

Februari 2019 ni mfano wa jinsi neno linavyopandisha ngazi. Kenya ililalamika kwamba Somalia imenadi mjini London vitalu vya mafuta vilivyomo katika eneo la mgogoro. Somalia ilikana, ikasema vitalu vya huko havitaguswa hadi mahakama iamue. Taarifa ya wizara ya mambo ya nje ya Kenya ilikiita kitendo hicho unyakuzi, ikakifananisha na uchokozi dhidi ya Wakenya na mali zao. Balozi wa Kenya akaitwa nyumbani kutoka Mogadishu, na wa Somalia akatakiwa kurudi kwao kwa mashauriano. Sasa, "uchokozi" ni neno lililomo ndani ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, katika sura ileile inayohusu matumizi ya nguvu za kijeshi. Ukilitumia kwa mnada wa vitalu, hatua zinazobaki kabla ya bunduki huwa chache, nawe huwezi kushuka bila mtu wa kukushika mkono. Ilibidi Waziri Mkuu wa Ethiopia, Abiy Ahmed, aingie kati mwezi Machi mwaka huo ili marais wa nchi mbili hizo wakae pamoja jijini Nairobi.

Hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoka tarehe 12 Oktoba 2021. Somalia ilitaka mstari wa umbali sawa kutoka pwani zote mbili. Kenya ilitaka mstari unaonyooka kuelekea mashariki kwa kufuata latitudo. Mahakama ilikataa latitudo kwa kauli moja, ikachora mstari wa umbali sawa, kisha ikausogeza upande wa kaskazini kwa faida ya Kenya. Sababu ni kwamba pwani za Somalia, Kenya na Tanzania, pamoja na kisiwa cha Pemba, zinaingia ndani kama upinde, na Kenya iliyo katikati hubanwa isipopewa nafuu. Vilevile majaji wote walikataa dai la Somalia kwamba Kenya ilivunja wajibu wake wa kimataifa kwa shughuli zake katika eneo hilo.

Siku hiyohiyo Rais Uhuru Kenyatta alikuwa New York akiongoza kikao cha Baraza la Usalama, maana Oktoba ile ilikuwa zamu ya Kenya. Taarifa yake ilisema Kenya inaikataa hukumu kwa ukamilifu wake. Kwa maoni yetu neno hilo la ukamilifu lilikuwa kosa la uandishi lenye gharama, kwa kuwa lilikataa pia yale ambayo Kenya iliyapata: mstari uliosogezwa na kusafishwa jina. Ingewezekana kuandika kwamba Kenya haikubaliani na uamuzi juu ya latitudo, inahifadhi msimamo wake kuhusu mamlaka ya mahakama, na iko tayari kuzungumza. Maneno hayo yangetosha nyumbani, na mlango ungebaki wazi.

Kwako wewe mvuvi, zingatia kwamba mpaka wa baharini unaanzia ufukweni karibu na kigingi cha mwisho cha mpaka wa nchi kavu, katika latitudo ya nyuzi 1, dakika 39 na sekunde 44.0 kusini, na longitudo ya nyuzi 41, dakika 33 na sekunde 34.4 mashariki. Zitie kwenye jipiesi yako. Taarifa ya kuikataa hukumu si kibali cha kuvulia upande wa pili, na askari wa doria hatakuuliza rais wako alisema nini.

Shikamooni. Nasoma uhusiano wa kimataifa, mwaka wa pili. Mwalimu alisema kauli ya kiongozi inaweza kuifunga nchi. Ni kauli ipi, na ipi ni ya jukwaani tu?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Marahaba. Kesi ya kuanzia ni ya mwaka 1933. Tarehe 22 Julai 1919 waziri wa mambo ya nje wa Norway, Nils Claus Ihlen, alimwambia balozi wa Denmark kwa mdomo kwamba serikali yake haitaleta ugumu katika suala la Greenland. Sentensi moja, ofisini. Miaka 14 baadaye mahakama ya kimataifa ya wakati huo iliamua kwamba Norway ilifungwa na kauli hiyo. Mwaka 1974 Ufaransa nayo ilifungwa na matamshi ya rais na mawaziri wake kwamba majaribio ya nyuklia angani katika Pasifiki yatakoma, ingawa baadhi yalitolewa mbele ya waandishi wa habari na hakuna nchi iliyoambiwa moja kwa moja.

Kutokana na kesi hizo, jiulize hivi. Msemaji ni nani? Mkuu wa nchi, mkuu wa serikali na waziri wa mambo ya nje huchukuliwa kuwa na uwezo wa kuifunga nchi kwa sababu tu ya vyeo vyao. Mawaziri wengine wanaweza pia, katika mambo ya wizara zao. Hilo lilisemwa mwaka 2006 katika kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda. Waziri wa sheria wa Rwanda alikuwa ameahidi mbele ya Tume ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa kwamba pingamizi ambazo nchi yake iliweka kwenye mikataba zingeondolewa. Mahakama haikumtupa nje kwa sababu ya cheo. Ilimkatalia kwa sababu kauli yake ilikuwa ya jumla mno na haikutaja ni lini. Kwa hiyo swali la pili ni kama kauli ina umahususi wa kutosha, na la tatu ni kama ilionyesha nia ya kujifunga. "Tutalinda bahari yetu" haifungi kitu. "Tunakubali mstari huu kuanzia hapa hadi pale" inafunga.

Mbunge akiwa kwenye mkutano wa hadhara haifungi nchi. Ila tahadhari: gazeti la upande wa pili litamnukuu, na wizara yako italazimika ama kumkana ama kukaa kimya. Vyote viwili vinaingia kwenye jalada.

Ukimya ndio uliotawala kesi ya Kenya na Somalia. Mwaka 1979 Kenya ilitangaza rasmi bahari yake ya kiuchumi, mpaka wa kaskazini ukifuata latitudo, ikarudia mwaka 2005. Hoja yake mahakamani ilikuwa kwamba Somalia haikupinga kwa miaka 35, hivyo ilikubali. Hoja hii haikuwa ya kipuuzi, na mahakama iliipa kurasa nyingi. Ilianguka kwa sababu mahakama inataka ushahidi mzito kabla ya kusema nchi imekubali mpaka kwa kunyamaza, na maandishi ya Kenya yenyewe hayakuimba wimbo mmoja. Sheria ya Kenya ya mwaka 1989 kuhusu maeneo ya bahari ilisema mpaka wa bahari ya kiuchumi na jirani utawekwa kwa makubaliano. Hati ya makubaliano waliyotia saini tarehe 7 Aprili 2009 ililiita eneo lenyewe kuwa lina mgogoro. Unawezaje kusema mpaka ulishakubaliwa tangu 1979, na hapohapo saini yako ya 2009 inasema kuna mgogoro? Tena kwa miaka mingi baada ya 1991 Somalia haikuwa na serikali inayofanya kazi kikamilifu, na mahakama ililizingatia hilo.

Hati hiyo ya 2009 ina somo jingine kwa yeyote anayetaka kuandika mikataba. Kenya ilidai aya yake ya sita ilizuia kwenda mahakamani, kwa kuwa ilisema mpaka utakubaliwa na nchi mbili baada ya tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia sakafu ya bahari ng'ambo ya maili 200 kumaliza kazi yake. Somalia ilidai hati haina nguvu, maana bunge lake liliikataa. Tarehe 2 Februari 2017 wote wawili waliambiwa hapana: hati ni mkataba halali, lakini aya ile haikusema mazungumzo ndiyo njia pekee. Maneno mawili hayo yakikosekana, mlango wa mahakama unabaki wazi. Ukitaka kuufunga, yaandike.

Wahariri, huku kwetu Kyela tunasema Ziwa Nyasa. Nikiangalia ramani za kwenye simu naona jina la Malawi. Je, tukinyamazia jina tunapoteza ziwa?
*Msomaji, Kyela, Mbeya*

Jina peke yake halimpi mtu umiliki. Ushahidi uko kwenye mkataba ambao Malawi inautegemea, ule wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890. Unapitisha mpaka kwenye ufukwe wa mashariki, kaskazini na magharibi hadi mlango wa mto Songwe, yaani maji yote nje ya himaya ya Ujerumani, na bado unaliita ziwa hilo Nyasa. Kama jina lingekuwa hati, Tanzania ingeshashinda. Kumbuka pia kwamba mkataba wa sheria ya bahari hauhusu maziwa, hivyo hoja ya Tanzania kwamba mpaka upite katikati ya ziwa inasimama juu ya desturi za kimataifa na haki za watu wa ufukweni.

Kinachoumiza ni maneno yaliyotoka kwa viongozi wenyewe. Azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika la Cairo, Julai 1964, la kuheshimu mipaka iliyokuwepo siku ya uhuru, lilisukumwa na Mwalimu Nyerere, na liliepusha vita vingi barani. Leo Malawi inalisoma mbele ya Tanzania. Hatusemi Mwalimu alikosea. Tunasema kanuni ukiitangaza kwa wote itakuhusu na wewe, na wizara inapaswa kuwa na jibu lililoandaliwa kabla jirani hajaifungua.

Mwaka 2012 mambo yaliharibika kwa namna nyingine. Malawi ilikuwa imetoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani. Waziri wa mambo ya nje wa Tanzania, Bernard Membe, alitaka utafiti usimame. Edward Lowassa, akiwa mwenyekiti wa kamati ya Bunge inayohusika na mambo ya nje na ulinzi, alizungumzia utayari wa jeshi. Rais Kikwete akaja kutuliza kwamba hakuna vita. Ndani ya wiki chache nchi ilikuwa imetoa sauti tatu. Lilongwe ilisikia ile kali zaidi, kama ambavyo kila jirani hufanya, na mwezi Oktoba Rais Joyce Banda alijitoa kwenye mazungumzo. Baadaye jambo lilipelekwa kwa marais wastaafu wa kusini mwa Afrika wakiongozwa na Joaquim Chissano. Dawa yake inajulikana: siku ya kwanza ya mgogoro wizara inateua msemaji mmoja, inaandika msimamo wa ukurasa mmoja, na nakala inamfikia mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya na kila mjumbe wa kamati ya Bunge kabla hajafungua mdomo.

Kuhusu jina, endeleeni kusema Nyasa. Ila katika barua rasmi, serikali makini huongeza sentensi kwamba matumizi ya jina hayaathiri msimamo wa upande wowote kuhusu mpaka.

Assalaam alaykum. Huku Ghuba kuna visiwa vinavyogombaniwa kati ya Iran na Imarati, yaani Falme za Kiarabu. Kila mara Iran inasema hakuna cha kujadili. Nchi inafaidika nini kukataa hata neno mgogoro?
*Msomaji, Muscat*

Waalaykum salaam. Inafaidika kwa sababu anayekalia eneo hana haraka. Iran iliingia Abu Musa na visiwa viwili vya Tunb tarehe 30 Novemba 1971. Ikikubali kwamba kuna mgogoro, imekubali kwamba kuna jambo la kuamuliwa. Ndiyo maana Desemba 2022, China na nchi za Ghuba zilipotoa taarifa mjini Riyadh ya kuunga mkono suluhisho la amani kwa mazungumzo, Tehran ilimwita balozi wa China kulalamika. Kwa msikilizaji wa kawaida "mazungumzo ya amani" ni maneno matamu. Kwa Tehran yalikuwa yamevuka mstari.

Japani ina sera kama hiyo juu ya visiwa vya Senkaku, ambavyo China inaviita Diaoyu. Mwaka 2012 serikali ya Japani ilinunua visiwa vitatu kutoka kwa mwenye navyo binafsi, na viongozi wa nchi mbili wakaacha kukutana ana kwa ana. Novemba 2014 wanadiplomasia walipata njia: kila upande ulitoa maandishi yake kwa lugha yake, yakisema nchi mbili zina mitazamo tofauti kuhusu hali ya wasiwasi iliyojitokeza kwenye bahari hiyo. Neno mgogoro halimo. Japani ikasema haijabadili msimamo, China ikasema Japani imekubali kuna jambo, na siku chache baadaye Xi Jinping na Shinzo Abe walipeana mikono Beijing. Uandishi wa aina hiyo unadharauliwa kama ujanja wa maneno. Sisi tunauheshimu.

Kisheria, kukana hakutoshi. Tangu 1924 mahakama za kimataifa husema mgogoro upo pale pande mbili zinapopingana juu ya sheria au ukweli wa jambo, na huangalia hali ilivyo hata kama mmoja anakana. Kinachomlinda anayekana ni kwamba, bila ridhaa yake, kwa kawaida hakuna mahakama yenye mamlaka ya kumwita.

Natayarisha taarifa za redio. Mgogoro wa bahari ukizuka tena, nisomeje taarifa ya serikali ili nisichochee? Na je, kuna nchi zilizomaliza vizuri?
*Mtayarishaji vipindi, Mombasa*

Tafuta kwanza maandishi kamili ya taarifa, usitegemee kipande cha video. Angalia nani ametia saini: katibu mkuu wa wizara, waziri, au rais. Kisha pigia mstari kila neno linalotaja mahali. Kama limeandikwa "mamlaka kamili", uliza ni ndani ya maili 12? Kama ni nje, kwenye habari yako andika haki za uvuvi na uchimbaji. Halafu tazama vitenzi. "Inasikitishwa" na "ina wasiwasi" ni ngazi za chini. "Inalaani" iko juu. "Haitavumilia" ni onyo. "Inahifadhi haki ya kuchukua hatua zote" inaweza kuwa na maana ya jeshi, nawe muulize msemaji hivyo waziwazi. Linganisha na taarifa iliyotangulia. Maneno yaliyoondolewa mara nyingi yana habari kuliko yaliyobaki: kama "kwa mazungumzo" lilikuwepo mwezi jana na leo halipo, hiyo ndiyo habari yako. Mwisho, soma ya upande wa pili kabla hujaenda hewani.

Waliomaliza vizuri wapo, nao walianza na lugha kabla ya hukumu. Peru na Chile ziliposubiri uamuzi kuhusu mpaka wao katika Pasifiki, zote zilitamka mapema kwamba zitautii, na zilikuwa na usemi wa kutenganisha nyuzi: kesi iende njia yake, biashara iende yake. Hukumu ilitoka tarehe 27 Januari 2014, na kufikia 25 Machi walikuwa wametia saini nukta za mstari. Ghana na Côte d'Ivoire nazo, hukumu ilipotolewa mjini Hamburg tarehe 23 Septemba 2017, zilitoa taarifa moja ya pamoja ya kuikubali. Ghana ilikuwa imeshinda karibu kila kitu, na taarifa haikutumia neno ushindi.

Hata kwetu lugha imelegea. Julai 2022 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Hassan Sheikh Mohamud walikubaliana miraa irudi katika soko la Somalia, na Machi 2024 Somalia ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hukumu haijafutwa, na kauli ya Kenya ya kuikataa haijaondolewa. Ukipata nafasi ya kumhoji waziri wa upande wowote, muulize kama timu za wapima ramani wa nchi mbili zimewahi kukaa meza moja na nukta za mwaka 2021, na kama hapana, nani hajamwandikia mwenzake.